Mwenye Pombe Huonja Kwanza

Mwalimu Haule alizikwa Songea mwezi uliopita. Nilifika nimechelewa, miguu imevimba kwa safari, nikakuta sifa zimeshaanza kumwagwa. Msibani marehemu huwa hana kosa hata moja, na mimi sina ugomvi na desturi hiyo, nikifa nataka nami nidanganyiwe hivyohivyo. Mmoja alisema marehemu alishika sheria kuliko hakimu. Mwingine, aliyefundisha naye chuoni miaka mingi, alisema katika uhai wake Mwalimu Haule hakuwahi kutia pombe mdomoni, na waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikainamisha uso. Mjane wake alikuwa kwenye mkeka karibu nami, akanigusa goti kwa kidole kimoja bila kunitazama, nami nikajua kwamba analijua ninalolijua. Ninaloliandika hapa si siri ya marehemu ninayoifukua. Aliisema mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima upande wa Mollo, Sumbawanga, mwaka ule nilipokuwa chini yake nikijifunza kazi. Mengine nimeyaombea ruhusa kwa wenye haki ya kuitoa, na majina nimeyabadili.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya uzamili. Chuo kilikuwa kimeshanijaza nadharia hadi kichwa kinauma, na sasa nilitakiwa kukaa mwaka mzima na msimamizi mwenye leseni, nikiwahudumia waraibu halisi, si wale wa kwenye vitabu wanaolia ukurasa huu na kupona ukurasa unaofuata. Mwisho wa mwaka msimamizi angesema kama nafaa au sifai. Akisema sifai, hakuna leseni, na mimi nilikuwa nimeacha kazi nzuri kuitafuta hiyo leseni. Nilipangiwa Sumbawanga, nikafurahi, maana mimi ni mtu wa Msanzi na Kifipa ndicho nilichonyonyea. Nilidhani nitakuwa nyumbani. Sikujua kwamba mtu anaweza kutishika nyumbani kuliko ugenini, kwa sababu nyumbani anaelewa kila kinachosemwa.

Chumba chetu cha unasihi zamani kilikuwa stoo ya magodoro ya hospitali, na harufu ya magodoro ilikataa kuhama. Kulikuwa na viti viwili, benchi, na dirisha lisilofunga, upande uleule unakotoka upepo. Upepo wa Sumbawanga si wa kutania. Mwezi wa sita nilikuwa nawasikiliza wateja nikiwa na sweta mbili na kitenge magotini kama bibi kizee. Dirisha lilitazama banda ambamo ndugu wa wagonjwa hupikia, kwa hiyo moshi na harufu ya dagaa viliingia pamoja na maneno ya wanawake. Nilijifunza mengi kwa dirisha lile kuliko kwa vitabu. Siku moja mama mmoja alikuwa akikoroga uji wa mumewe na kuwaambia wenzake, "Apone tu huyu. Akishapona nitamwua mimi mwenyewe." Nilicheka hadi Mwalimu Haule akanitazama juu ya miwani.

Alikuwa mfupi, mwenye kipara, suruali zake zina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Chai yake aliitia sukari hadi ukajiuliza anakunywa au anakula. Hakupenda mzaha kazini. Neno alilotufundisha kwanza lilikuwa mteja. Hatukuruhusiwa kusema mlevi wala mvuta bangi, kila aliyeingia mlango ule alikuwa mteja. Nikamwambia kwamba vijana wa stendi wananicheka, maana mtaani neno hilo limeshakatwa kichwa, limekuwa teja, na teja ni mtu aliyeoza kwa unga. Hakucheka. "Basi kazi yako ni kulirudishia kichwa chake," akasema. Na neno la pili lilikuwa siri. "Siri ya mteja ni nyumba ya mteja. Wewe ni mlinzi wa geti. Mlinzi hauzi nyumba, hapangishi, wala hawaonyeshi wapita njia sebule." Aliyarudia maneno hayo mara nyingi mno, na mimi nilikuwa na kiburi cha usomi, nikiyasikia nasema moyoni, mzee, nimeelewa, endelea.

Mama Deo aliletwa kwetu kutoka wodini akitembea mwenyewe, pole pole, mkono mmoja umeshika ukuta. Macho yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa maji, ungedhani ni mjamzito wa karibu kujifungua, na umri huo ulikuwa umeshampita. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa walevi?"

"Mimi ni mnasihi, mama."

"Ndiyo hivyohivyo." Akakaa, akahema. "Daktari mwenzako kasema ini langu limechoka. Kasema nikinywa tena nisijisumbue kuja hapa, nipitilize kwa padri."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nasema sitaki kufa. Nina Veronika yuko kidato cha pili. Nikifa sasa hivi ataolewa na mtu yeyote mwenye ng'ombe."

Alikuwa mjane, na alipika kimpumu. Kwa asiyejua, kimpumu ni pombe nzito ya ulezi. Huwekwa kwenye chungu, humiminiwa maji ya moto, na wanywaji huivuta kwa mrija, ikipungua inaongezwa maji mengine, na mazungumzo yanaendelea hadi ladha iishe. Ya Mama Deo ilisifika hadi vijiji vya jirani. Mwalimu Haule alimwambia kwa adabu kwamba mtu anayekimbia moto hawezi kulala jikoni, itabidi aiache ile biashara. Mama Deo alimtazama kwa huruma, kama vile yeye Haule ndiye mgonjwa. "Nikiiacha, baba, tutakula nini? Maneno yenu haya?" Kisha akatueleza jambo ambalo mimi Mfipa nilikuwa nalijua tangu utoto na sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Hakuna anayeweka mdomo kwenye chungu kabla mwenyewe hajavuta na kumeza mbele ya watu. Tunasema anatoa uchawi, yaani anaonyesha kwamba hakutia kitu. Kumwonjesha mtu mwingine badala yake hakukubaliki, aonje aliyepika. "Kila chungu kinachotoka, mrija wa kwanza ni wangu," akasema. "Siku ya soko vinatoka vyungu vingi. Mimi sikuanza kwa kupenda. Jioni nimelewa kabla ya wateja wangu."

Wateja wangu, alisema, na mimi nilikuwa nimemwandaa yeye kuwa mteja wangu. Chuoni tulikuwa tumefundishwa zoezi la kukataa: mtu anasimama, ananyoosha mgongo, anamtazama mwenzake usoni, anasema, "Hapana, asante, sinywi." Nilimfanyisha Mama Deo zoezi hilo kwa bidii zote. Alisimama, akanyoosha mgongo, akasema "sinywi," kisha akaanza kucheka, akacheka huku amelishika lile tumbo lake la maji, machozi yanamtoka. "Mwenye pombe aseme sinywi! Mwanangu, watu watakimbia hadi Mpui." Nami nilicheka, lakini mwilini nilihisi baridi. Sumbawanga jina lake lenyewe husemekana lina habari ya uchawi ndani yake, wageni hulitania, na sisi wenyeji hucheka nao. Lakini mjane anayeishi na binti peke yake, akianza kuogopa pombe aliyoipika kwa mikono yake, hilo halina wa kulicheka.

Ujanja aliuzua mwenyewe. Angevuta mrija kama kawaida, pombe aiweke shavuni, azunguke nyuma ya nyumba kama anayefuata maji ya moto jikoni, aiteme huko na kusukutua. Mwalimu Haule aliuchukia mpango huo waziwazi. Kumwekea mraibu pombe mdomoni na kumwambia asimeze! Walibishana, yeye na Mama Deo, asubuhi nzima, na mwisho alikubali kwa sharti kwamba iwe mpaka mavuno ya maharage tu, akipata mtaji atafute biashara nyingine, na mimi niwe nakwenda kwake kila wiki. Majirani, Mama Deo aliwaambia mimi ni mtoto wa marehemu dada yake wa Msanzi. Sikupenda uongo ule, ila ulikuwa uongo wake, na nyumba ilikuwa yake.

Nikikumbuka mwaka ule, nakumbuka jiko lile kuliko darasa lolote. Lilikuwa la matofali mabichi, jeusi kwa masizi, sufuria la maji ya moto halikosi mekoni. Alinipa ugali wa ulezi na migebuka iliyokaushwa, inayoletwa na watu wa ziwani, akakaa kunitazama nikila kana kwamba kula kwangu ndiko tiba yake. Tumbo lilianza kushuka, macho yakarudi meupe. Na nje, chini ya paa, wateja wake walikaa kwenye mabenchi wakimsubiri aonje. Ndipo nilipogundua kitu: watu wetu hawamtazami mwonjaji mdomoni. Wanamtazama kooni. Wanaendelea kuzungumza habari za mbolea na za mazishi, lakini macho yao yako kooni. Mama Deo alikuwa amejifunza kulitikisa koo bila kumeza, kama mtu anayemeza mate, kisha anageuka bila haraka na kwenda jikoni. Hatua zile za kutoka benchi hadi pembe ya nyumba nilizipiga pamoja naye moyoni, kila mara.

Siku moja alikuwa ameshavuta, anageuka, Fides akamwita. Fides alikuwa mke wa Siriako fundi mwashi, mwanamke mwenye sauti ya kuimba kwaya, na hakuwa mbaya, ila alipenda kujua. "Mama Deo! Eti Veronika kafaulu?" Mama Deo alisimama. Mashavu yalikuwa yamejaa kidogo tu, asiyejua asingeona. Watu wote walimtazama wakingoja jibu la swali jepesi namna ile. Niliona jasho kwenye paji lake la uso, katika baridi ile. Nikadakia, "Kafaulu, mama, kafaulu vizuri sana! Na hisabati kafaulu!" Wakanitazama mimi, mtoto asiye na adabu anayemjibia mkubwa, na Mama Deo akapata nafasi ya kupinda pembe ya nyumba. Nilimkuta amepiga magoti, ametema, anajisugua ulimi kwa kitenge. "Nusura," alikuwa akisema, "nusura nimeze. Na nilitaka, mwanangu. Usidhani ni kwa sababu yao tu. Nilitaka." Nilimshika mabega.

Siriako akaugua. Ilikuwa baada ya siku ya soko, akaanza kutapika na kuungua homa, akaletwa hospitali kwetu, akalazwa. Wengine waliokunywa chungu kimoja naye walikuwa wazima wanalima, lakini nani huhesabu wazima? Kesho yake nilikuwa chumbani peke yangu nasubiri mtu nikasikia dirishani sauti ya kwaya. Fides alikuwa bandani anampikia mumewe, anawaambia wenzake kwa Kifipa, na mimi nikasikia kila neno. Alisema alikwenda nyuma ya nyumba kujisaidia akamwona Mama Deo anatema pombe. "Pombe yake mwenyewe! Anatema, anasukutua, anarudi anatabasamu. Sasa niambieni, mtu anatemaje kitu kisicho na kitu?" Wenzake wakaguna. Nilijaribu kufunga dirisha, kwa upumbavu tu, kana kwamba nikilifunga yeye angenyamaza. Halikufunga. Akaendelea kwamba wanaume wameshakubaliana. Jumamosi Mama Deo ataletwa ofisi ya kijiji, anywe chungu kizima mbele ya watu. Akikataa, kamchape wataitwa.

Kamchape ni watafuta wachawi. Wakiingia kijijini hunyoa watu, huwachanja, hufukua nyumba zao, na wakishaondoka anayebaki na jina hilo habaki na nyumba, wakati mwingine habaki na roho. Nilimkimbilia Mwalimu Haule ofisini nikiwa nahema. Nilitaka niende bandani saa hiyohiyo nimwambie Fides ukweli.

"Ukweli wa nani?" akauliza.

"Wa Mama Deo!"

"Basi si wako."

"Mwalimu, wewe unaniambia habari za geti. Nyumba inaungua!"

"Kamwulize mwenye nyumba kama anataka watu waingie kuzima." Aliweka kijiko cha sukari kwenye chai, kisha kingine, na niliona hakuwa anaiangalia. Polisi nao aliwafikiria, akasema wangeweza kumchukua Mama Deo leo, lakini kesho wangemrudisha palepale, akiwa na jina baya zaidi. Akampigia simu mtendaji wa kata mbele yangu, naye mtendaji akajibu kwamba watu wanataka amani tu, mama aonje, yaishe.

Nilikwenda Mollo siku hiyohiyo. Mama Deo alikuwa anapepeta ulezi, hakusimama kunipokea. Nilimwomba aniruhusu niseme. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikambembeleza tena.

"Useme nini?" akaniuliza. "Useme pombe ya Mama Deo imemwozesha ini? Halafu watajibu nini? Si ndiyo wanayoyasema, kwamba pombe yangu ina sumu? Umenitetea hapo au umenizika?"

Nilikaa chini. Sikuwa nimeliona hilo.

"Nitakunywa," akasema. "Chungu kimoja. Waone koo langu hadi wachoke."

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari hakai Mollo." Akapepeta, makapi yakaruka. "Wakiniita mchawi, Veronika atakuwa mtoto wa mchawi mpaka anazeeka. Nikifa kwa ini, ni yatima tu. Yatima watu humwonea huruma."

Hata leo, ninapowafundisha vijana kazi hii, wananiuliza ni mteja gani alinishinda, wanatarajia niwatajie kijana wa heroini. Aliyenishinda ni mwanamke aliyekuwa na akili timamu kabisa, aliyepima mambo yake kwa uangalifu na kukuta kifo kina nafuu. Nilirudi mjini nikilia juu ya pikipiki, dereva akadhani nimefiwa, akakataa kupiga honi njia nzima.

Jumamosi ilikuwa na jua kali na upepo baridi, kama ilivyo kawaida yetu. Uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Mwalimu Haule alisema tu, "Nakuja na wewe," na hakueleza zaidi. Chungu kilikuwa mezani, mrija umesimama ndani yake, sufuria la maji ya moto pembeni. Ilikuwa pombe yake, imetoka nyumbani kwake. Fides alikaa mbele na shemeji zake, macho mekundu, maana Siriako alikuwa bado wodini. Mama Deo alikuwa amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyetaka jambo liishe akale, akasema, "Mama Deo, hatukuhukumu. Wewe onja kama siku zote, umalize chungu, kila mtu aende shambani."

Mama Deo alisogea mezani, akaushika mrija. Alinitazama mara moja na kutikisa kichwa kidogo, maana alijua nilichokuwa nacho mdomoni. Na kweli nilikuwa nacho. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Leseni, chuo, kazi niliyoacha, vyote sikuviona. Mkono wa Mwalimu Haule ukanishika juu ya kiwiko, ukanibana hadi nikaumia, kisha ukaniachia, na yeye akapita mbele yangu.

"Naomba kusema, mwenyekiti. Mimi ni mgeni, natoka mjini. Naitwa Haule." Akamgeukia Mama Deo, akaomba mrija kwa mikono miwili. Mama Deo alisita, akampa. Watu wakanong'ona, wakidhani mzee ana kiu. "Ningekuwa nimewatembelea nyumbani," akasema, "mngenikaribisha hii. Mimi ningekataa. Mngesema namwita mwenye pombe mchawi?"

"Ndiyo!" wakajibu, na mmoja akaongeza, "Na tungekupiga!" Watu wakacheka.

"Basi sikilizeni kwa nini ningekataa." Sauti yake ilibadilika. Haikuwa ile ya darasani. "Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nakunywa. Siku ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza nilitumwa kununua mshumaa. Niliununua. Padri akasubiri, mke wangu akasubiri, watu wakasubiri. Walinikuta jioni nimelala mtaroni, mshumaa uko mfukoni, umevunjika. Tangu siku ile sijaonja. Hii hapa nikivuta mara moja tu, sitasimama mpaka mnizike." Akainama akanusa chungu, kwa utulivu, akafumba macho, na mimi niliyejua alichokuwa akikifanya nilishindwa kutazama. "Pombe hii ni safi. Katika uwanja huu hakuna anayeijua harufu ya pombe safi kunishinda mimi. Ubovu hauko kwenye chungu. Uko kwangu. Kuna watu tuko hivyo. Pombe ni nzuri, sisi ndio hatuiwezi."

Akamrudishia Mama Deo mrija. Hakumtazama, hakumtaja, akarudi akasimama karibu nami. Upepo ulivuma. Mwenyekiti akakohoa.

"Huyu mzee amesema ya kwangu," akasema Mama Deo.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Akaulaza mrija mezani. "Mimi napika lakini siiwezi. Nililazwa, mnakumbuka. Mkasema ni mimba." Mtu akacheka, akanyamazishwa. "Ndiyo maana natema. Fides aliniona, hakusema uongo. Natema kwa sababu nikimeza nakufa, na si sumu. Ni mimi. Sasa mkitaka niiteni mchawi, mkitaka niiteni mlevi. Lakini sinywi."

Alisema sinywi. Alikuwa amenyoosha mgongo, akawatazama usoni.

Ningependa kuandika kwamba walimpigia makofi. Walirushiana maneno hadi jua likapanda. Shemeji yake Fides alisema ni maneno ya kufundishwa, na wawili watatu wakamuunga mkono. Mzee mmoja akauliza kwa dhati kabisa, "Sasa pombe yake tutaonjewa na nani?" na swali hilo likawashinda wote, mwenyekiti akiwemo. Mwisho akasema kamchape wasiitwe mpaka Siriako atoke hospitali, kama atatoka. Chungu kilibaki mezani kikapoa, hakuna aliyekigusa. Njiani kurudi Mwalimu Haule alishindwa kufunga kamba ya helmeti, nikamfungia. Ndipo akaniambia, "Ulikuwa unataka kusema."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ungesema ningekunyima leseni."

"Najua."

"Ningekunyima, halafu ningekwenda nyumbani nikakuombea." Jambo lile hatukulitaja tena, hata siku aliyoniambia kwamba nafaa.

Siriako alitoka. Ilikuwa homa ya matumbo, alipona akiwa amekonda kama fito. Kamchape hawakuitwa, lakini wanywaji nao hawakuja. Wiki ikapita, na nyingine. Mama Deo alipika kidogo, ikachacha, akamwagia nguruwe wa jirani. Hizo ndizo zilikuwa siku zangu mbaya kuliko ile Jumamosi, kwa sababu sasa alikuwa amebaki yeye, njaa, na vyungu vilivyojaa, na hapakuwa na macho ya mtu yeyote kwenye koo lake. Nilikuwa nakwenda karibu kila siku. Nikifika namtazama kwanza macho, kama bado ni meupe, kabla hata ya kumwamkia. Yeye aliliona hilo, na lilimuudhi.

Mchana mmoja tulikuwa tumekaa nje, tukamwona Fides anakuja peke yake na kanga yake ya kanisani. Hakutuamkia. Akakaa kwenye benchi, mahali palepale pa mumewe. "Niwekee," akasema.

Mama Deo aliinuka. Akaleta chungu, akamimina maji ya moto, akaweka mrija, akarudi nyuma, mikono ameikunja kifuani. Hakuonja. Fides akakitazama chungu, akamtazama yeye. Nilimsikia anapumua. Mvuke ulipanda kati yao, kuku akiparua nyuma ya nyumba. Nimesoma miaka mingi ili niwaambie watu waache pombe. Sijawahi kutamani kumwona mtu akinywa kama nilivyotamani siku ile.

Fides akainama, akashika mrija, akavuta. Akameza. Akavuta tena, kwa muda mrefu, kisha akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono na kunyanyua ile sauti yake ya kwaya ili hata majirani wamsikie.

"Mama Deo, hii nzito. Ongeza maji ya moto."